Magoko yanauma kwenye buti za skii: usilegeze, funga upya

Swali limetoka kwa dada mmoja mtoto wa Bagamoyo, Dunda, sa hivi yuko Innsbruck kule Austria anafanya kazi ya unesi. Kaandika hivi:

"Shikamoo kaka fundi. Wenzangu wa kazini wameniingiza kwenye skii, ule mchezo wa kuteremka kwenye theluji, huu ndo msimu wangu wa kwanza. Buti nimekodi za msimu mzima, namba 26.5, viatu vya kawaida navaa 40. Ndani navaa soksi mbili na taiti ya sufu. Nikishateremka mara tatu nne tu magoko yanauma kama nimepigwa teke, nikilegeza klipu za juu napata nafuu kidogo alafu yanarudi kwa nguvu zaidi, na vidole vinakufa ganzi. Jioni nikivua naona pameumuka mbele ya mguu, hata kugusa sitaki. Nibadili buti au niachane na mchezo wenyewe?"

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Mchezo usiuache. Na kwa jinsi ulivyoelezea sidhani hata kama buti lenyewe ni bovu, ni kubwa kwako alafu unalifunga kinyumenyume, na vyote viwili vinarekebishika bila kutoa hela ya maana kwa sababu umekodi kwa msimu, ukirudi dukani ukawaambia inaniuma wanakutafutia saizi nyingine, ndo kazi yao hiyo.

Kwa ambao hawanijui, mi nimekaa misimu tisa kwenye karakana ya buti kule Tirol, hukohuko Austria, kabla sijarudi nyumbani Tanga, sa hivi nipo Ngamiani natengeneza viatu vya watu wenye matatizo ya miguu, na hapa nilipo nina feni mbili na shati limelowa jasho nikiandika habari za theluji, jirani yangu muuza baiskeli kachungulia kasoma mistari miwili akaondoka anatikisa kichwa.

Haya, tuanze na kwanini inauma, maana ukishaelewa hapo mengine yote yanajipanga.

We ni nesi, unajua ugoko hauna nyama mbele. Ni ngozi, alafu ule utando mwembamba wenye mishipa ya fahamu kibao, alafu mfupa. Sasa skii inaongozwa kwa kuusukumia huo ugoko mbele kwenye ulimi wa buti, kwahiyo presha pale mbele ipo tu, huikwepi, hata wale wa Olimpiki wanayo. Kinachoumiza ni kugongwa. Umekulia Bagamoyo kwenye milango mizito ya mbao, kaskazi likivuma usiku mlango unaowanyima watu usingizi ni upi, si ule uliorudishiwa bila komeo? Uliotiwa komeo upepo unausukuma usukume mpaka uchoke, haugongi kwa sababu hauna pa kwendea. Mguu wako sa hivi ni huo mlango usio na komeo. Unarudi nyuma, kunakuwa na nafasi kati ya ugoko na ulimi, unapita kibonde kidogo, unarushwa mbele, paa! Sasa piga hesabu kwenye mteremko mmoja unapita vibonde vingapi, alafu zidisha kwa miteremko ya siku nzima.

Ndo maana ukilegeza unapata nafuu ya dakika chache alafu inakuwa balaa. Presha imepungua kweli, ila umeongeza nafasi ya mguu kusafiri kabla haujagonga, na kitu kinachosafiri mbali zaidi kinagonga kwa nguvu zaidi. Halafu maumivu yakizidi unalegeza tena, na unaanza kuogopa kuegemea mbele, unakaa nyuma, kumbe ndo umezidisha. Nimeona watu wazima wanafika karakana saa nane mchana klipu za juu zote ziko wazi zinaning'inia kama hereni, wanachechemea, wanasema buti linabana. Linabana nini na mi naingiza mkono mzima hapo mbele?

Na sijisemi kama mtakatifu. Msimu wangu wa kwanza nilijichagulia buti mwenyewe kwenye rafu, nikachukua lililoingia mguuni kirahisi kama kandambili, nikajisifu kabisa kwamba nimejua kuchagua. Siku ya tatu nilikuwa nashuka ngazi za nyumbani kinyumenyume kwa sababu mbele siwezi. Mzee wa karakana, fundi wa zamani ambaye alikuwa haongei sana, alinivalisha lile buti, akanifunga klipu zote mpaka mwisho, alafu akachomeka vidole viwili kati ya ugoko wangu na ulimi akavizungusha kama anakoroga chai. Hakusema neno. Akaniletea lingine, dogo kwa saizi mbili, nilipambana nalo dakika tano kuingiza mguu nikitukana kwa Kisambaa ili asielewe. Wiki nzima pale palipoumia paliendelea kuuma, ila hakikuongezeka kidonda kipya.

Basi saizi. Namba ya buti la skii ni urefu wa mguu wako kwa sentimita, hakuna siri nyingine. 26.5 maana yake ni buti la mguu wenye sm 26.5. Pima mguu leo jioni (jioni maana mguu ushavimba kidogo kwa kutembea, na manesi mnasimama siku nzima): weka karatasi sakafuni imeshikana na ukuta, simama wima kisigino kimegusa ukuta, uzito wote juu ya mguu huo, mtu mwingine akuwekee alama kwenye kidole kirefu kuliko vyote, usijipimie mwenyewe ukiwa umeinama kwa sababu uzito unahama. Pima miguu yote miwili. Mtu anayevaa 40 mara nyingi anaangukia kwenye 25 au 25.5 hivi. Sasa kuna jambo wateja wengi hawaambiwi: buti la skii ni vitu viwili, gamba gumu la nje na buti laini la ndani linalochomoka, na kampuni nyingi zinatengeneza gamba moja la plastiki kwa saizi nzima na nusu yake, yani 25 na 25.5 gamba ni lilelile, tofauti iko kwenye buti la ndani tu au ile soli ya kuchomeka. Kwahiyo ukiomba 25.5 badala ya 25 mara nyingi hujabadili kitu, ila wewe uliyepewa 26.5 uko kwenye gamba la 26, sentimita nzima ya bure ndani, na hiyo sentimita ndo inayokupiga.

Najua kilichotokea dukani. Ulivaa saizi yako, ukasimama wima, vidole vikagusa mbele, ukasema kaka hii ndogo, naye jumamosi ana foleni mpaka mlangoni, akakupa kubwa yaishe. Lakini vidole vinatakiwa viguse mbele ukisimama wima! Kugusa tu, visikunjwe. Ukishafunga klipu na kukunja magoti mbele, kisigino kinarudi nyuma kwenye shimo lake na vidole vinaachia. Kwahiyo ukienda kubadili usitoe hukumu ukiwa umesimama kama askari wa gwaride, kunja magoti, kaa hivyo, tembeatembea mule dukani dakika kumi mpaka robo saa, alafu ndo useme.

Kuna kipimo kingine nakipenda kuliko vyote na hakidanganyi. Waombe wakuchomolee buti la ndani, libaki gamba tupu. Ingiza mguu na soksi moja nyembamba, sogeza mbele mpaka vidole viguse plastiki kidogo tu, alafu mtu aangalie nyuma ya kisigino kuna nafasi gani. Vidole viwili vikiingia vimebanana, yani kama sm moja na nusu mpaka mbili, hapo mwanafunzi wa msimu wa kwanza yuko sawa. Kidole kimoja, hilo ni la watu wa mashindano, watakuonea tu. Vidole vitatu, rudisha hata kama wamekubembeleza namna gani. Wakikuangalia kama umeomba kitu cha ajabu we komaa, Innsbruck wameandaa Olimpiki ya baridi 1964 na 1976, hawawezi kukosa mtu anayejua kuchomoa buti la ndani.

Upana nao una namba yake kwa milimita, ukiona 98 ni jembamba, 100 la kati, 102 kwenda juu ni la miguu mipana, na ya kukodi mengi ni mapana ili yamtoshe kila mtu. Ugumu wa gamba nao una namba, kwako 60 mpaka 80 inatosha kabisa, usikubali mtu akupe 110 eti utakua nalo. Buti gumu kuliko nguvu zako halikunjiki, sasa kama halikunjiki utaegemeaje mbele, unaishia kukaa nyuma kama uko kwenye kiti cha choo. Laini sana nayo ina shida yake, unaporomokea mbele na ukingo wa juu unakuchimba. Ila hizo namba za ugumu kila kampuni ina zake, 80 ya huyu inaweza kuwa 70 ya yule, kwahiyo jaribu kwa mguu.

Sasa soksi. Mbili hapana. Moja, nyembamba, ndefu mpaka chini ya goti, ya sufu au mchanganyiko, na ndani ya buti kusiwe na kitu kingine chochote zaidi ya mguu na hiyo soksi. Hiyo taiti ipandishe juu iishie palipoishia buti, au nunua ile inayokomea chini kidogo ya goti. Na suruali ya theluji ina kile kitambaa cha ndani chenye mpira, hicho kinakaa nje ya buti, kinalifunika kwa juu, watu wanakichomeka ndani kila siku. Mkunjo mdogo tu wa soksi, mwembamba kama uzi wa kushonea magunia, ukiubana kati ya mfupa na ulimi kwa muda wa saa tatu unakuwa kama umelalia kokoto. Mi kuna mteja tulimvua buti kila kitu kiko sawa, saizi sawa, kufunga sawa, tukakuta mshono wa taiti umepita katikati ya ugoko kabisa, umejichora kwenye ngozi mpaka unahesabu tundu za sindano. Na soksi mbili hazikupi joto, zinabana damu isifike kwenye vidole, wakati damu ndo joto lenyewe.

Haya, kufunga. Hapa soma taratibu, ikibidi vaa buti huku unasoma.

Buti liwe na joto kwanza. Plastiki ikilala kwenye gari usiku wa baridi asubuhi inakuwa ngumu kama ubao, utaumia kabla hata hujaona mlima. Fungua klipu zote nne na mkanda wa juu, shika ulimi uvute mbele na upande wa nje, ingiza mguu ukiwa umesimama, sukuma kwa uzito wako. Ukishaingia urudishe ulimi, na hapa ndo watu wanaharakisha: angalia umekaa katikati ya ugoko, haujapinda kushoto wala kulia, na zile kuta mbili za buti la ndani zinaufunika bila kukunjana. Pitisha kidole pembeni usikie, kama kuna tuta lolote toa anza tena. Soksi ivute juu iwe laini kabisa.

Alafu gonga kisigino chini sakafuni, nyuma ya buti, mara tatu nne kwa nguvu. Usione aibu. Kisigino kinatakiwa kikae kwenye shimo lake la nyuma kabla hujafunga chochote, kwa sababu popote kilipo wakati unafunga ndipo kitakapobaki. Sasa kunja goti mbele, ugoko uguse ulimi, na ukiwa umekunja hivyohivyo funga ile klipu ya chini ya shingo ya buti, yani ya pili ukihesabu kutoka juu, ile iliyo karibu na kifundo cha mguu. Ifunge kwa jino (zile ngazi klipu inaponasa) la wastani tu, bado hujamaliza. Hiyo ndo komeo lenyewe, ndo inayosukuma kisigino nyuma na kukishikilia kisipande. Wengi wanaanzia vidoleni wanapanda juu, na vitabu vingine vinafundisha hivyo, lakini mi nilichokiona kwa macho ni kwamba ukianzia vidoleni unaufunga mguu ukiwa bado umesogea mbele, kisigino kinabaki kinaelea, alafu unahangaika kukaza juu kufidia.

Simama sasa, kunja magoti mbele mara kumi hivi, sikilizia kisigino kinavyozama. Utashangaa ile klipu uliyoifunga imelegea. Ikaze jino moja. Alafu ya juu kabisa, nayo ukiwa umekunja goti. Alafu ile ya mgongo wa mguu, ya kubana kwa upole tu. Ya mwisho ni ya vidole, na hiyo kazi yake kwa kweli ni kufunga gamba theluji isiingie, haitakiwi kushika mguu, mi yangu ilikuwa inakaa jino la kwanza msimu mzima.

Utajuaje inatosha? Ya juu, ukiwa umesimama kawaida, usiweze kupitisha kidole kati ya ugoko na ulimi. Ukikunja goti kisigino kisinyanyuke. Na klipu uifunge kwa vidole viwili vitatu vya mkono mmoja ukisikia inagoma kidogo alafu inakubali, ukiona unatumia mikono miwili umepitiliza, rudi jino moja nyuma. Katikati ya jino na jino nako kuna nafasi: ile klipu yenyewe ukiizungusha kama unafungua skrubu inarefuka kidogo, ukiizungusha upande mwingine inafupika. Watu wanakodi buti miaka kumi hawajui hilo, wanakaa kati ya jino linalobana na jino linalolegea wanalaumu kiwanda.

Mkanda wa juu wenye velkro ndo watu wanauona urembo, wanaubandika tu usining'inie. Huo ni klipu ya tano. Kaza kwelikweli. Na nikupe mbinu ya karakana, kama gamba lako linaruhusu: badala ya kuupitisha juu ya plastiki ya mbele, upitishe ndani yake, ulale moja kwa moja juu ya ulimi wa buti la ndani. Hapo ulimi unashikana na ugoko wakati wote, unakwenda nao unarudi nao, na presha inasambaa kwenye urefu wote wa ulimi badala ya kukaa kwenye ukingo mmoja. Kwa watu wenye maumivu kama yako hii peke yake nimeona inaleta tofauti siku hiyohiyo.

Alafu usidhani umemaliza mpaka jioni. Godoro la ndani linapashwa joto na mguu, linalala, soksi nayo inalala, kwahiyo baada ya miteremko miwili ya mwanzo simama pembeni, gonga kisigino, kaza tena shingo jino moja au nusu. Wakati wa chakula au foleni ndefu fungua upumue, hakuna tatizo, ila kabla ya kushuka unafunga upya kwa utaratibu uleule, kunja goti na kila kitu. Ajali nyingi za ugoko nilizoziona zilikuwa za mteremko wa kwanza baada ya supu.

Ganzi ya vidole kwako naona ina baba wawili, soksi mbili, na nahisi unabana sana klipu za chini kufidia ukubwa wa buti. Mgongo wa mguu una mshipa wa damu na wa fahamu unapita juujuu tu, we unaupima kwa vidole kila siku kazini kwenye miguu ya wagonjwa. Ukiukandamiza vidole vinakufa ganzi na baridi juu. Legeza hapo, kaza shingo. Watu wanafanya kinyume chake, yani chini kumekabwa juu kunacheza.

Sasa tuje kwako wewe mwenyewe, maana buti zuri haliokoi mtu anayekaa nyuma. Na wote tunaoanza tunakaa nyuma, mteremko unatisha, mwili unataka kurudi kwa mama. Dalili ni mapaja kuwaka moto mapema. Mtu aliye katikati ya skii zake mapaja hayamuungui hivyo. Jizoeze pale chini kwenye tambarare, kunja vifundo na magoti, egemeza magoko kwenye ulimi kwa upole kama unavyoegemea kaunta ukisubiri chenji, alafu rukaruka kidogo pale ulipo, skii zitoke zitue zote kwa pamoja. Zikinyanyuka ncha za mbele peke yake uko nyuma. Kwenye mteremko unatafuta hisia hiyohiyo ya kugusana, muda wote, hata unapogeuka, hasa unapogeuka. Kama huna mwalimu chukua hata masomo mawili, mwambie mapema kwamba unakaa nyuma na magoko yanauma, asianze kukufundisha mapozi.

Kuna mambo mawili ya maumbile uyaangalie. Kama una miguu myembamba, klipu ya juu imefika jino la mwisho na bado inacheza, usijilaumu. Kwenye buti nyingi zile ngazi za klipu za juu zimefungwa kwa skrubu na zina tundu la pili, fundi anazihamisha dakika mbili. Au anakuwekea kipande cha kujazia nyuma ya kigimbi. Kinyume chake, akina dada wengi vigimbi vinaanzia chini, shingo ya buti inakutana na nyama pale inapotakiwa ikutane na sehemu nyembamba, hapo buti linabana nyuma na kukusukuma, dawa yake ni buti la kike lenye shingo fupi zaidi au kunyanyua kisigino milimita chache kwa kipande cha kuweka chini ya soli ya ndani.

Cha pili ni kifundo. Simama mbele ya ukuta peku, kidole gumba kiwe sm 10 kutoka ukutani, kunja goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Likigusa, vizuri. Sisi tuliolelewa na vyoo vya kuchuchumaa na kukaa kwenye kibao cha mbuzi tukikuna nazi wengi wetu tunagusa bila shida, wateja wangu wa kule waliozoea viti tangu chekechea ndo walikuwa wanahangaika. Likigoma, hapo nako kunyanyua kisigino kunasaidia.

Kuhusu hayo yaliyoumuka sasa. Pumzika siku mbili tatu, barafu unayo nje ya mlango, ifunge kwenye kitambaa, dawa za maumivu unazijua kuliko mimi. Ukirudi mlimani na bado panauma kidogo, usiweke sponji juu ya pale panapouma, utaongeza presha palepale, kata sponji nene utoboe tundu katikati kama donati, tundu likae juu ya kidonda, presha ibebwe na pembeni. Na hapa sikufundishi kazi: ukiona maumivu yako kwenye nukta moja ya mfupa, unaibonyeza kwa ncha ya kidole unaruka, na yapo hata usiku umelala, hiyo sio ya kufunga klipu, kapige picha. Vivyo hivyo kigimbi kikivimba kikakaza au mguu ukashindwa kunyanyua vidole juu, hapo hospitali siku hiyohiyo.

Maana najua utaniuliza, hapana, sio kwamba huu mchezo sio wa watu wa Pwani. Kenya walikuwa na Philip Boit kule Nagano 1998, japo yule alikuwa wa zile skii za kukimbia tambarare ambazo viatu vyake ni laini karibu na raba, ugoko haugusi kitu. Wa kuteremka kama wewe ni Sabrina Simader, Mkenya aliyekulia hukohuko Austria, akashindana PyeongChang 2018, na nakuhakikishia naye amepambana na klipu hizihizi.

Jioni ukivua chomoa buti la ndani likauke mahali pa uvuguvugu, mbali na hita, likikauka kwa moto mkali godoro linaharibika. Ukilirudisha funga klipu jino la kwanza hata kama buti liko tupu, gamba likilala wazi linapanuka na shingo inapinda, na msimu wa kukodi bado mrefu. Ukishapima mguu niandikie sentimita ngapi, na uniambie panapouma ni usawa wa ukingo wa juu kabisa wa buti au vidole vitatu chini yake. Kama ni usawa wa ukingo, kabla ya yote waulize dukani hilo gamba ni la ugumu gani.